Barua kwa Chebet: Otis na waya wa inkubeta

Kisumu, Jumatano usiku

Chebet wangu,

Salamu nyingi, na Mama msalimie. Najua nimenyamaza tangu Pasaka. Matusi niwekee nikija Nakuru. Leo nina shida.

Unaukumbuka mradi wangu wa bakteria? Niliwawekea E. koli sukari mbili kwenye chupa moja, glukosi na laktosi, nikawa napima ukungu wa maji kila dakika 10 (wakizidi, maji yanazidi ukungu) na kuchora grafu. Wakazaana vizuri, kisha mstari wa grafu ukalala kama nusu saa, halafu ukapanda tena. Ngazi safi! Mwanasayansi Monod aliiona hivyo hivyo kule Paris miaka ya vita. Glukosi kwanza, laktosi ingoje, kama sisi bwenini: mkate uishe ndipo tuitazame githeri.

Nikaruka kwa furaha. Kugeuka, nakuta Otis amechomoa waya wa inkubeta, lile sanduku la kuwapa bakteria joto, achaji simu. Anaapa ni dakika 5 tu. Chebet, simu iliyozimika asubuhi ilikuwa imefika asilimia 60!

Sasa mstari ulilala kwa kubadilisha chakula, au kwa baridi?

Kitabuni mambo ni rahisi. Kuna protini inayokalia DNA mbele ya jeni 3 za laktosi, kama soja getini. Laktosi ikiingia, kidogo yake inageuzwa alolaktosi, inamshika soja, anaachia. Ila glukosi ikiwepo, hata mlango wa kuingilia laktosi unabanwa. Ikiisha ndipo jeni zinasomwa kwa nguvu na vimeng'enya vya kuvunja laktosi vinatengenezwa, na hapo ndipo muda unapotelea. Jacob na Monod waliandika habari za soja huyo mwaka 1961, wakapata Nobel 1965. Mimi nimepata Otis.

Chupa ya laktosi peke yake ingeniokoa. Hao walikuwa wamezoea laktosi tangu jana yake, hawana cha kubadilisha. Wangelala, ni baridi tu. Lakini kwa uvivu niliipima kila saa moja. Vitone viwili hivi, nichore nini? Na huyo Otis, wallahi... basi.

Kurudia ni Jumamosi, ripoti ni Ijumaa. Lile daftari lako la bluu la jaribio hili bado unalo? Bakteria wako walilala dakika ngapi? Uliwakuza kwa chakula gani kabla ya kuwachanganyia sukari? Unaweza kunipigia picha kurasa hizo kesho kabla ya saa nne? Na Achieng amejifungua kweli, au ni porojo za Otis tena?

Wako,
Nekesa