Barua kwa mwanangu: ile chupa ya mafuta ya CBD

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na mtoto wa dada yako leo ametimiza siku ya nne bila kuanguka kifafa. Picha ya chupa uliyonitumia nimeiona, nikaikuza kwenye simu mpaka maandishi yakasomeka, na nilipokupigia mtandao ulikatika mara tatu. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia, kwa kuwa jambo lenyewe halielezeki kwa mkato. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kama mafuta hayo ni bangi, na kama yatamfaa mtoto. Majibu yake hayafanani, na muuzaji wako anafaidika watu wanapoyachanganya.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa nami uani tukikamua mawese? Chikichi ni moja. Nyama yake ya nje tukiichemsha na kuitwanga hutoa mawese, mekundu, tunayopikia migebuka. Kokwa inayobaki tunaianika, tunaipasua kwa jiwe, na mise iliyomo ndani hutoa mafuta mengine kabisa, ambayo marehemu bibi yako aliyapikia sabuni. Mtu akikuambia anauza mafuta ya mchikichi bila kusema ni yapi, bado hajakuambia kitu. Mmea wa bangi nao uko hivyo. Una kemikali zaidi ya 100 za ukoo mmoja, ziitwazo kanabinoidi, na mbili kati yake ndizo zinazotajwa zaidi: THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, yaani kanabidioli, ambayo hailevyi.

Lililonishangaza mimi nilipolisoma mara ya kwanza ni kwamba zote mbili zimeundwa kwa hesabu ileile: kaboni 21, hidrojeni 30 na oksijeni 2. Tofauti iko kwenye ufungaji tu. Ndani ya THC, oksijeni moja imejifunga ikafanya pete ya ziada, na ndani ya CBD pete hiyo imebaki wazi, kama kamba mbili za urefu mmoja ambazo moja imepigwa kitanzi. Kitanzi hicho kinatosha kubadili kila kitu, kwa sababu ubongo una vipokezi viitwavyo CB1, na THC huvikalia na kuviamsha. Hapo ndipo mvutaji anapocheka ovyo, anapopoteza hesabu ya muda, moyo unapomwenda mbio, na mwingine anapojawa na hofu isiyo na sababu. CBD haivikalii vipokezi hivyo kwa namna hiyo, na hutenda kazi mwilini kwa njia nyingine. Shirika la Afya Duniani liliichunguza, na mwaka 2018 wataalamu wake wakaeleza kwamba CBD ikiwa safi haionyeshi dalili ya kumfanya mtu kuwa mraibu wake.

Aliyebainisha umbo la CBD mwaka 1963, na la THC mwaka 1964, ni profesa Raphael Mechoulam wa Israeli pamoja na wenzake. Mwenyewe alisimulia kwamba polisi walimpa kilo 5 za hashishi, yaani utomvu wa bangi, kwa ajili ya utafiti, akapanda nazo basi, abiria wakaanza kuulizana harufu ile inatoka wapi. Kila nikilifikiria basi hilo nacheka peke yangu.

Sasa utaniuliza inakuwaje mmea mmoja utoe chenye kulevya na kisicholevya. Tazama mihogo. Mtamu unautafuna mbichi ukiwa shambani, mchungu usipouloweka siku kadhaa unaweza kukuua, na yote miwili ni mihogo. Bangi nayo ina mbegu zilizozoea kutengeneza THC kwa wingi na mbegu zilizozoea kutengeneza CBD, kwa kuwa zote mbili huanzia kwa asidi moja iitwayo CBGA, na kimeng'enya, yaani kichocheo, kilichomo kwenye mmea ndicho kinachoamua igeuke kuwa ipi. Nchini Marekani, sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ilitenga mmea wenye THC isiyozidi asilimia 0.3, nao huko haushughulikiwi kama bangi. Ziko nyingine ukoo uleule, kama CBN, ambayo hutokana na THC iliyozeeka kwa hewa na mwanga. Hizo tuziache, kwani chupa yako haizitaji.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba CBD si kilevi. Lakini angalia, nimesema CBD, sijasema chupa.

Dawa ya kifafa iliyotengenezwa kwa CBD ipo kweli. Inaitwa Epidiolex, imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, na Marekani waliiidhinisha mwezi Juni mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, ugonjwa wa Dravet na wa Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 ukaongezwa ugonjwa mmoja wa kijenetiki unaootesha vivimbe kwenye ubongo na viungo vingine. Katika utafiti wa Dravet uliochapishwa mwaka 2017, watoto na vijana 120 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa CBD walishuka kutoka degedege 12.4 kwa mwezi hadi 5.9 kwa hesabu ya mtu wa katikati, ilhali waliopewa dawa bandia ya kufanana nayo, isiyo na CBD, walitoka 14.9 wakabaki 14.1. Hilo si jambo dogo, na mimi silibezi. Ila wote waliendelea na dawa zao za kila siku. Hakuna aliyeambiwa aziache. Kifafa cha mjukuu wangu kilianza baada ya malaria ya ubongo akiwa na miaka miwili, nacho si kimojawapo kati ya vile dawa ile ilivyoidhinishiwa.

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja, maana miaka yote niliyokaa dirishani nikigawa dawa zahanati, hesabu ndiyo iliyonifunza kuliko maelezo ya wauzaji. Chupa yako ina mililita 30, na lebo inasema ndani mna CBD miligramu 300, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Mtoto ana kilo 15. Dawa ile ya Marekani huanza na miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, na baada ya wiki moja hufika miligramu 10 kwa kila kilo, ambayo kwa mtoto wetu ni miligramu 150. Muuzaji amekuambia apewe matone 10 kwa siku. Matone 20 ni kama mililita moja, hivyo matone 10 ni nusu mililita, na ndani yake mna miligramu 5 tu. Ili kufikia 150 angehitaji matone 300, vijiko vitatu vya chai, na chupa ingekwisha kwa siku mbili. Umeniambia bei yake. Zidisha mwenyewe kwa mwezi.

Na hesabu hiyo inakubali kwamba lebo inasema kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa zilikuwa 26 tu, 36 zilikuwa na zaidi ya kilichoandikwa, 22 zilikuwa na pungufu, na 18 zilikutwa na THC ndani yake. Huko ni nchi yenye maabara kila kona. Chupa yako haina namba ya toleo, haina jina la kiwanda, na sikuona popote kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ikiwa THC imo, mtoto wa miaka mitano atalewa, na wewe uliyeibeba utakuwa umebeba kitu ambacho sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakikataza, kwa kuwa sheria ile haikutungwa kwa ajili ya majani pekee. Utomvu wake nao umo.

Tena lipo la ini. Mtoto anatumia valproeti, dawa yake ya kifafa, na mojawapo ya mambo yanayojulikana vizuri kuhusu CBD ni kwamba ikitumiwa kwa kipimo cha matibabu pamoja na valproeti, vimeng'enya vya ini hupanda kwenye damu kwa wagonjwa kadhaa, ishara kwamba ini linasumbuliwa, ndiyo maana wenzetu hupima damu kabla ya kuanza na wakati wa kuendelea. Huleta pia usingizi mzito, kuhara na kukosa hamu ya kula.

Lakini kilichoninyima usingizi ni sauti uliyonitumia ya yule muuzaji, pale anaposema vidonge vya hospitali viachwe ili mafuta yafanye kazi. Zamani alikuja dirishani kwangu mama mmoja na mtoto mgongoni. Wiki nzima alikuwa hajampa fenobabito, dawa yake ya kifafa, kwa sababu alinunua unga fulani wa mizizi, na mtoto alikuwa akitikisika mfululizo bila kurudiwa na fahamu, mkono mmoja ukigonga kwenye khanga kama mtu anayebisha hodi. Nilisikia kule kugonga kwa muda mrefu baadaye. Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla hata kama mbadala wake ni mzuri, sembuse matone ya nusu mililita.

Basi chupa usiitume, wala usimpe mtu wa treni ailete. Kama umekwisha kulipa, usijilaumu, najua ulimfikiria mpwa wako.

Wakati nikikuandikia hesabu ile ya kilo, nilisimama nikafungua daftari la kliniki la mtoto. Valproeti yake ilipangwa akiwa na kilo 12. Leo ana 15, na kipimo ni kilekile. Hakuna aliyelitazama, hata mimi bibi yake niliyegawa dawa nusu ya umri wangu. Dada yako atampeleka Alhamisi, nimemwandikia tarehe zote alizoanguka tangu mwezi uliopita na saa zake. Hela uliyoitenga kwa chupa nyingine mtumie yeye nauli, na umwambie asisahau kumpandisha kwenye mizani kabla ya kuingia kwa daktari.

Mama yako