Kipimo kimoja cha kortisoli hakielezi malezi ya mtoto

Mhariri,

Homoni ya msongo, kortisoli, inapotajwa pamoja na malezi, mara nyingi husemwa kana kwamba kumpima mtoto siku moja kunatosha kujua anaishije nyumbani. Hakutoshi. Kortisoli hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na hupanda na kushuka kila siku hata kwa mtu asiye na shida yoyote: hufika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka, kisha huteremka hadi usiku. Aliyepimwa saa moja asubuhi halinganishwi na aliyepimwa saa kumi jioni. Tena mtoto akilia kwenye foleni kwa kuogopa sindano, damu yake itaeleza kilio kile tu.

Namna ya kupima kwa haki imeonyeshwa Amboseli, Kenya, ambako nyani wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1971. Mtafiti humfuata nyani anayemtambua kwa sura. Nyani huyo akijisaidia, kinyesi huokotwa ndani ya dakika chache. Kwanza hukorogwa chote, maana homoni haikai sawasawa ndani yake na kipande kimoja kinaweza kudanganya. Kisha hutiwa kwenye etanoli (aina ya alkoholi) ya asilimia 95, kwani kikiachwa hivi hivi bakteria huendelea kuivunja homoni. Kikifika Nairobi hukaushwa kwa kugandishwa na kuchekechwa kuondoa mabaki ya majani, na unga wa gramu 0.2 ndio unaopimwa. Kinyesi hubeba homoni ya saa nyingi zilizopita, kwa hiyo fadhaa ya dakika tano haikivurugi. Hata hivyo mimba, cheo katika kundi na ukali wa kiangazi lazima vizingatiwe kabla ya kulinganisha nyani na nyani. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na ingefaa ijulikane zaidi huku kwetu.

Watafiti hao walihesabu shida za utotoni za nyani: kuzaliwa wakati wa ukame, kufiwa na mama, mama wa cheo cha chini au asiye na marafiki, kundi lililojaa, mdogo wake kuzaliwa upesi mno. Kati ya majike 196 waliovuka utoto, waliopata shida tatu au zaidi walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko waliopata moja au kutopata kabisa. Uchambuzi wa 2020, wenye sampuli zaidi ya 14,000, ulikuta homoni za msongo za majike wa namna hiyo ziko juu hata ukubwani. Tofauti yenyewe ni ndogo, na isingeonekana kwa sampuli moja moja. Uchambuzi wa 2023 ukaongeza jambo la kutia moyo: urafiki imara ukubwani huongeza maisha, hata kwa jike aliyeanza vibaya.

Kwa mtoto wa binadamu, mate yanafaa kuliko damu. Yachukuliwe nyumbani anapoamka, nusu saa baadaye, na kabla ya kulala, kwa siku mbili au zaidi, na kila saa iandikwe. Asile, asinywe maziwa wala kupiga mswaki nusu saa kabla. Fizi zikitoa damu, sampuli imeharibika. Dawa zenye steroidi, yaani kemikali za jamii ya kortisoli, nazo ziandikwe, kuanzia pampu ya pumu hadi krimu ya ngozi aliyopaka yeye au anayembeba, kwa sababu hubadilisha jibu.

Msomaji,
Nairobi