Usiuze Gita, Uza Amplifaya

Donholm, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Imani,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Imani na kwa watoto wako wawili. Ujumbe wako wa kuuliza kama uuze gita nimeusoma, na jibu ni hili: gita usiliuze. Ukitaka kuuza kitu, uza ile amplifaya kubwa. Gita likitoka nyumbani "mpaka watoto waende shule" halirudi tena, kwa sababu Imani akianza shule, karo ndiyo itakayomeza hela za kununua lingine. Amplifaya ndiyo inayokugombanisha na jirani wa chini na kumwamsha mtoto, na kwa miaka michache ijayo hutaihitaji ndani ya nyumba.

Lakini kwanza mkono, maana umesema kifundo cha kushoto kinauma upande wa dole gumba. Hilo huwapata mama wengi wanaonyonyesha. Kano mbili zinazovuta dole gumba hupita kwenye ala nyembamba pale kifundoni. Ukimwinua mtoto mara nyingi kwa siku ukimshika kwapani, madole gumba yakiwa yametanuka, ile ala huvimba na kano hukosa nafasi ya kuteleza. Madaktari huiita de Quervain. Jipime hivi: ficha dole gumba ndani ya ngumi, kisha pinda ngumi polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukisikia maumivu makali yanachoma upande wa dole gumba, yaelekea ndiyo hiyo.

Sasa fikiria kodi za gita (noti kadhaa zinazolia pamoja), zile za kubana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja. Dole gumba hilo hilo ndilo linalosukuma nyuma ya shingo ya gita. Ukiendelea nazo, kano hazipati nafasi ya kupona. Ziache kwanza. Badili pia namna ya kumwinua mtoto: kiganja kimoja chini ya makalio, kingine mgongoni, uzito ubebwe na mikono mizima, si na vidole. Usipoona nafuu kwa wiki mbili, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mara nyingi huanza kwa kukupa kifaa cha kutuliza dole gumba, na kinasaidia.

Sugu za vidoleni nazo zimeisha, hilo halina mjadala. Zinarudi kwa wiki mbili hadi nne ukipiga kidogo kila siku, dakika 10 hivi mwanzoni. Ukijitia ushujaa wa saa nzima Jumamosi utapata malengelenge na kuanza upya. Na upige kabla ya kufua nepi na kuosha vyombo, si baada, kwa sababu uzi wa chuma huikata upesi ngozi iliyolowa maji.

Kuhusu muda, nadhani unaukadiria vibaya. Umesema unasubiri saa tano usiku ndipo ushike gita, "wakiwa wamelala fofofo". Ni kinyume. Usingizi mzito wa mtoto mdogo uko sehemu ya kwanza ya usiku. Kuelekea alfajiri usingizi huwa mwepesi, wenye ndoto nyingi, na kitu kidogo humwamsha. Imani akilala saa mbili kasorobo, mpe nusu saa azame, kisha anza. Kati ya saa mbili na robo na saa nne ndio wakati wako. Ukingoja saa tano unajinyima usingizi wako mwenyewe bure, na huyo mdogo atakuamsha saa tisa vilevile.

Kuna tatizo moja hapo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huhesabu usiku kuanzia saa mbili. Ndani ya nyumba za makazi, kiwango cha mchana ni desibeli 45, na usiku kinashuka hadi 35, ambacho si mbali na mnong'ono. Yaani saa ile ile watoto wanapolala ndipo sheria inapobana. Ndiyo maana nasema amplifaya iondoke. Ikiwa juu ya sakafu ya vigae, besi haisafiri hewani pekee. Spika inatikisa sakafu yenyewe, na jirani wa chini anaisikia kwenye dari lake. Kupunguza sauti hakutoshi.

Gita lako la umeme ni la ubao mzima usio na tumbo, kwa hiyo bila kuchomekwa popote halivuki mlango. Nunua kile kiamplifaya kidogo cha hedifoni kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu la gita. Ukienda Luthuli Avenue jaribu kabla ya kulipa, ukiwa na hedifoni zako mwenyewe. Chagua chenye betri ya kuchaji, ili hata stima ikipotea uendelee. Usipige kikiwa kwenye chaji. Vingi huvuma, na watu hudhani gita limeharibika. Vaa sikio moja tu, lingine limsikie mtoto. Hatari ni kwamba mwenye sikio moja huongeza sauti bila kujua, basi weka kiwango mara moja mwanzoni na usikiguse tena.

Gita la nailoni nalo lizime kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kilichokatwa upana wa vidole viwili na kupenyezwa chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gita). Noti zinabaki sahihi, mlio unakuwa mkavu na mfupi. Chini ya mlango sukuma blanketi lililokunjwa, maana sauti hupenya kwenye upenyo kama maji. Zile trei za mayai wanazobandika watu ukutani achana nazo. Zinapunguza mwangwi kidogo humo ndani, lakini kinachozuia sauti isivuke ukuta ni uzito, na trei ni karatasi.

Dakika 20 kwa siku, siku tano, zinatosha kukurudisha, mradi usizipoteze kwa kuamua upige nini. Dakika tatu kuweka nyuzi sawa na kupasha vidole. Kumi na mbili kwa kifungu kimoja tu cha baa mbili (vipimo viwili vya mapigo), metronomu, yaani kihesabu mapigo, ikiwa 60 kwa dakika. Kikitoka safi mara tatu mfululizo, ongeza 4. Kikikwama, rudi nyuma 8. Zilizobaki piga unachotaka. Kabla ya kuliweka gita, andika kwenye kikaratasi umefika mwendo gani na kifungu gani, ukichomeke kati ya nyuzi kichwani mwa gita. Mzazi aliyechoka hupoteza dakika tano za kwanza akijaribu kukumbuka jana aliishia wapi.

Benga inafaa sana kwa mpango huu, na sisemi hivyo kwa upendeleo tu (ingawa upendeleo upo). Msikilize D.O. Misiani na Shirati Jazz: waimbaji wananyamaza, gita la solo linashika kifungu kifupi, linakirudia na kukigeuza kidogo kila mara. Kifungu cha namna hiyo unakimaliza hata mtoto akiamka katikati. Rumba yenye mzunguko mrefu wa kodi iache mwisho wa wiki.

Imani kudandia gita kila ukilishika ni jambo la kawaida kwa mtoto wa miaka mitatu, na kumfukuza kunamfanya alitake zaidi. Mpe zamu yake mchana, dakika tano, na gita liwe limeandaliwa kwa ajili yake. Legeza nyuzi tatu (herufi ni majina ya noti): E ya sita ishuke hadi D, A ya tano ishuke hadi G, E ya kwanza ishuke hadi D. Zile tatu za katikati usiziguse. Sasa una D G D G B D, na popote atakapopitisha mkono inatoka kodi ya G iliyokamilika. Na kwa kuwa hukukaza uzi wowote, hakuna utakaokatika usoni kwake. Laza gita mapajani, yeye apige kwa mkono, wewe shika kichupa cha kioo chembamba na laini, ukiweke kwa upole juu ya nyuzi zote. Kikiwa juu ya chuma cha freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita) unapata C, freti ya 7 unapata D. Kiweke juu ya chuma chenyewe, si nyuma yake kama unavyoweka kidole, la sivyo sauti itashuka. Usikandamize, ukikandamiza, nyuzi zitagonga freti na kukwaruza. Kwa kodi hizo tatu nyimbo nyingi za watoto zinapigika, na dole gumba lako halifanyi kazi yoyote.

Ukimwimbisha, panda juu. Sauti nzuri ya mtoto wa umri huo iko ndani ya noti tano hivi, kuanzia D iliyo juu kidogo ya C ya kati hadi A. Watu wazima huanza chini wanapostareheka wao, mtoto akaishia kunguruma, kisha wanasema hana sikio la muziki. Kapo (kibano cha shingo ya gita) kwenye freti ya 2, ukashika maumbo ya C, inakuletea D.

Sasa vitu vya kuondoa njiani leo hii. Tyuna (kifaa cha kuweka nyuzi sawa) ya kubana kichwani mwa gita hutumia betri bapa kama sarafu, mara nyingi CR2032. Mtoto akiimeza ikakwama kooni huunguza umio ndani ya saa mbili, hata kama betri ilionekana imekwisha. Zungushia kifuniko chake utepe imara, au tumia programu ya simu. Akimeza, hospitali saa hiyo hiyo, na usimtapishe. Ncha za nyuzi zinazobaki kwenye vigingi zikate hadi ziwe fupi kabisa na uzipinde ndani, kwa sababu gita likiwa kwenye stendi zinakuwa usawa wa macho ya Imani. Afadhali stendi iondoke na gita litundikwe ukutani, kitanzi kikifungwa kwa skrubu na plagi, si msumari. Piki, vile vipande vya kupigia nyuzi, zikae kwenye mkebe wenye kifuniko. Kayamba ya mdogo ikague mishono kila wiki: mbegu moja ikivuja inatosha kumkaba.

Masikio pia. Kiwango salama cha mtoto kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unagawanywa nusu. Piga hesabu: kwenye desibeli 90 anabakiwa na saa moja na robo kwa wiki nzima. Matatu yenye besi chini ya viti, ikikwama Jogoo Road, inaweza kuumaliza muda huo kwa safari moja. Kaa naye mbele, mbali na spika. Kanisani hali kadhalika, usikae safu ya kwanza. Pamba masikioni haisaidii kitu cha maana. Nunua yale makopo ya kufunika masikio ya watoto.

Shughuli za usiku na bendi, kubali zile za mapema pekee kwa sasa: chakula cha mchana hotelini Jumapili, harusi, zamu ya kwanza ya jioni. Mazoezi waombe yawe Jumamosi asubuhi, kila mtu atumiwe rekodi kwenye WhatsApp siku nne kabla, ndipo saa mbili zitoshe. Maziwa uliyokamua hukaa saa 4 kwenye chumba chenye joto lisilozidi nyuzijoto 25, na siku 4 kwenye friji, kwa hiyo shoo inayochukua saa tatu haikupi shida. Kamua kabla ya kutoka, si kwenye choo cha hoteli.

Na Baba Imani. Usiombe ruhusa kila wiki, kuomba huchosha anayeomba na anayeombwa. Kaeni mgawane: Jumanne jioni yako, Alhamisi yake ya mpira, iandikwe kwenye kalenda jikoni, na dada wa nyumbani ajue pia, maana yeye ndiye anayebebeshwa pengo mkisahau. Siku yako ikifika, watoto ni wake yeye, na usimpigie simu kuuliza kama wamekula.

Nyuzi za nailoni nilizokuahidi atakuletea Baba Tumaini Jumamosi, ataziacha kwa mlinzi getini. Ni seti mbili. Usijaribu kufunga za chuma kwenye gita lile hata fundi akikuambia zinalia vizuri zaidi. Mvuto wake ni mkubwa kuliko daraja lilivyotengenezwa kuhimili, na gundi huachia. Za nailoni hulegea siku chache za kwanza, kwa hiyo ziweke sawa asubuhi na jioni, na usibadilishe zote kwa siku moja kama una shughuli kesho yake.

Wako,
Mama Tumaini