Saa ndiyo ikusimamishe, si maumivu

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na shemeji msalimie. Habari zetu nitakupa siku nyingine, maana mdogo wako ameniandikia kwamba Jumamosi uliamka mgongo umetulia, ukafua, ukadeki nyumba nzima, ukasogeza na kabati, na tangu Jumapili uko kitandani. Tena umeapa kuacha dawa zote za maumivu kwa mpigo.

Mawili hayangoji. Ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo ukagoma au kukuponyoka, choo kikakutoka bila habari, au mguu ukalegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Homa, au kukonda bila sababu, navyo usivinyamazie. La pili, dawa usizikate ghafla. Tramadoli, gabapentini, amitriptilini, mwili ukishazizoea halafu ukanyimwa siku moja, unaweza kutetemeka, kutoka jasho, kukesha, hata kupata degedege. Mwambie daktari nia yako, akupunguzie kidogo kidogo huku haya ninayokuandikia yakishika mizizi.

Sasa hiyo Jumamosi. Maumivu yaliyovuka miezi 3 si sawa na ya jeraha la jana. Mara nyingi kilichoumia kimeshapona, ila mishipa ya fahamu imebaki kama kengele iliyolegea, inalia hata kwa kuguswa kidogo. Unaumia kweli, asikwambie mtu unajidekeza, lakini kuumia huko si lazima kitu kimechanika upya. Na ile picha ya MRI, ya mashine ya sumaku, iliyokutia hofu: diski zilizotokeza, yaani vile vijito laini kati ya pingili za mgongo, huonekana hata kwa watu wengi wasioumwa mgongo kabisa.

Kinachokurudisha nyuma ni mwendo wenyewe. Siku nzuri unamaliza kila kitu, siku 3 unalala, misuli inalegea, na safari ijayo hata nusu ya kazi ile inakulaza. Kwa hiyo kazi uipime kwa saa. Chukua moja inayokutonesha, tuseme kusimama ukifua. Kwa siku 3, hata kama moja ni mbaya, andika umesimama dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza kupanda. Ukipata 10, 6 na 8, wastani ni 8. Toa asilimia 20, inabaki kama dakika 6 na nusu, shika 6. Zikitimia unaacha, hata kama mgongo umetulia tuli na zimebaki nguo mbili tu kwenye beseni. Hizo nguo mbili ndizo zinazoharibu hesabu ya watu wengi! Kaa, au tembea polepole dakika 5, kisha rudi. Siku mbaya nayo usilale moja kwa moja. Fanya hata dakika 3.

Wiki ikipita bila kuzidiwa, ongeza asilimia 10, yaani kama nusu dakika. Najua itakuudhi. Ukijisikia umekazwa baada ya kazi, ikatulia ndani ya saa 24, uko sawa. Isipotulia, rudi hatua moja nyuma, lakini usiache.

Kwa leo, hapo ulipo, usingoje maumivu yaishe ndipo uinuke. Kila saa moja shuka kitandani, tembea ndani dakika 2. Kushuka: geuka ubavu, ning'iniza miguu chini, jisukume kwa mikono. Usijikunje kutoka chali. Ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti, na asubuhi amka saa ile ile hata kama usiku umekesha.

Chupa ya maji ya moto inasaidia, ila yasiwe yaliyotoka kuchemka, izungushie taulo, dakika 15 hadi 20 basi. Usisinzie nayo, wala usiiweke penye ganzi. Ngozi huungua wewe hujui.

Ukianza kutembea vizuri, ongeza zoezi hili. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kaza makalio kwanza, ndipo uinue mpaka bega, nyonga na goti vinyooke. Hesabu 5, shusha taratibu, mara 8. Ukiinua bila kukaza makalio, kiuno ndicho kinachobeba mzigo na kesho yake utalaumu zoezi. Usibane pumzi.

Na pumzi yenyewe: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, tumbo lipande kuliko kifua, dakika 5. Haifuti maumivu, lakini inalegeza mwili unaojikaza kuyangoja, na kule kujikaza ni nusu ya shida.

Shemeji naye mwambie asikupokonye kila kazi. Akuwekee saa, na dakika zikiisha akutoe kwenye beseni.

Sasa nijibu. Maumivu yanaishia kiunoni au yanateremka mguuni mpaka chini ya goti? Dawa zipi unakunywa, kiasi gani, na tangu lini? Usiku unaamka mara ngapi? Kukaa na kusimama, kipi kinakuuma zaidi? Mama Mkubwa bado anakukanda kwa nguvu zile? Na zile dakika za siku 3, utaanza kuziandika lini?

Rafiki yako