Tovuti Zinazokatwa na Kioo cha Simu

Mhariri,

Juzi nilijaza fomu ya maombi kwa simu. Kitufe cha kutuma kilikuwa nje ya kioo, upande wa kulia. Nikivuta ukurasa kukifuata, maelezo ya kushoto yanapotea. Nilipokuza herufi, mistari ikapandana.

Mimi natengeneza tovuti, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Aliyeitengeneza ile aliufunga upana kwa pikseli (vitone vya kioo) nyingi zinazokaa vizuri kwenye kompyuta yake, basi. Wengine husahau mstari mmoja tu wa msimbo, wa kuiambia simu itumie upana wake halisi. Bila mstari huo, simu nyingi huuchora ukurasa kana kwamba kioo kina pikseli 980 hivi, kisha huufinya hadi herufi zifanane na sisimizi.

Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alishaeleza dawa ya tatizo hili mwaka 2010: vipimo vya asilimia, picha zinazonywea, mpangilio unaofuata kioo. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, nao unataka maandishi yasomeke kwenye upana wa pikseli 320 bila kusukuma kushoto na kulia.

Wenzangu, kabla ya kukabidhi kazi, ifungueni kwenye vivinjari vya Chrome, Firefox na Safari, kisha kwenye simu ndogo kuliko zote mlizo nazo, herufi zikiwa zimekuzwa.

Mtengeneza tovuti