Risala ya wanafunzi kwa maburgumestre (viongozi) wa komine (manispaa) mbili jirani, Lubumbashi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Burgumestre wetu, Mheshimiwa Burgumestre wa komine jirani, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, jambo kwenu nyote.

Tumefurahi kuwaona mmeketi meza moja, maana ombi letu linawahusu wote wawili.

Nyuma ya ukuta wa shule hii inapita kanivo, mfereji wa maji machafu, ambayo ndiyo mpaka wa komine zenu. Siku ya salongo, kazi ya usafi ya pamoja, upande wetu unaizibua: chupa za plastiki, mifuko, maganda ya miwa, matope meusi. Tunalundika ukingoni tukingoja kamioni ya kuzoa taka. Upande wa pili wana siku yao, nao wanalundika kwao. Kamioni haiji, mvua inawahi, na lundo lote linarudi ndani. Maji hayo yanaingia hadi kwenye visima vya majirani, na kila majira ya mvua mama zetu wanaishi na hofu ya kipindupindu.

Tunaelewa kwamba kununua kamioni, kumlipa dereva na kutia mazutu kila wiki ni mzigo mzito kwa komine moja. Lakini katika somo la uraia tumesoma kwamba ibara ya 3 ya Katiba ya nchi yetu ya 2006 inaipa komine utu wa kisheria, yaani inaweza kufunga mkataba kwa jina lake, na mamlaka juu ya mali yake. Basi komine mbili zinaweza kutiliana sahihi mkataba wa kuwa na kamioni moja ya pamoja. Ufaransa, yenye komine zaidi ya 34,000, ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1890: kila komine inabaki na jina lake na kiongozi wake, ila inatuma wajumbe kwenye kamati inayosimamia huduma ya pamoja.

Pesa ndizo zinazovunja ushirika. Kwa hiyo mkataba useme nani anatoa kiasi gani, kamioni inalala wapi, ikiharibika nani anaitengeneza. Washauri wa komine waliochaguliwa tarehe 20 Desemba 2023 waujadili, na hesabu zibandikwe kwenye milango ya ofisi zote mbili ili kila mzazi azisome.

Wakati hayo yakiandaliwa, tunaomba salongo ifanyike siku moja pande zote mbili. Hilo halidai hata faranga. Sisi tutakuwa kwenye kanivo Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, na mabeleshi yetu. Tunaomba kila mmoja wenu atume watu wake.

Ahsanteni.