Mtoto wa Jirani Ndani ya Kitabu Chako

Mwanangu Rehema,

Picha ulizochora za kitabu chako, zile ulizonitumia kwa simu, nimeziona. Baba yako naye kaziangalia, kavaa na miwani kabisa. Mkono umejaliwa, mwanangu. Yule mbuzi anayetafuna pindo la kanga iliyoanikwa, siachi kumtazama.

Lakini huyo binti anayemkimbiza nilimjua pale pale. Ni mtoto wa jirani yetu. Makengeza ni yake, pengo ni lake, kovu la juu ya jicho ni lake. Nilinyamaza kwenye simu si kwa hasira. Nilikuwa namwona anaingia darasani siku kitabu kinafika shuleni, wenzake wanamnyooshea kidole. Nimefundisha miaka mingi, najua jina la utani linavyomganda mtoto. Mama yake umemwomba? Kila ukija nyumbani unakunywa chai kwake, mbona hukumwambia?

Utasema mchoraji huchota kwa watu anaowaona. Chota, ila changanya. Twende kilioni zibaki, nusu ya mabinti wa hapa Tanga wamesukwa hivyo. Ule mtindo wa kukimbia ndala zikiwa mkononi uache, ndio unaonichekesha. Pengo pia, darasa la pili lote lina mapengo. Jicho na kovu vifute.

Nguo tafuta kwingine. Simama barabarani asubuhi wanafunzi wakipita na vidumu na mafagio ya chelewa. Utamwona mwenye sweta lililonunuliwa kubwa ili lidumu, mikono kaikunja, kifungo kimoja cha rangi nyingine. Mchukue huyo sweta, uso mwachie.

Hata Alice Liddell wa Uingereza, aliyesimuliwa ile hadithi ya Alice katika Nchi ya Ajabu inayosomwa dunia nzima, nywele zake zilikuwa nyeusi, fupi. Picha za mchoraji John Tenniel zilipotoka na kitabu mwaka 1865, binti wa hadithini alikuwa na nywele ndefu. Hadithi haikupungua kitu, na mtoto wa watu alibaki na sura yake.

Nakusisitiza kwa sababu Jumatatu unakwenda Dar kukabidhi kazi, na kitabu kikishachapwa hakuna kufuta. Usiniambie hakuna atakayemtambua. Mimi nimemtambua kwenye kioo cha simu kilichopasuka.

Hapa hatujambo. Bati la jikoni linavuja tena, fundi anasema kesho kila siku. Baba yako presha imeshuka, ila chumvi bado anaongeza nisipomwangalia. Shangazi yako anauliza zile sufuria zake, ukija zirudishe.

Jumamosi ukifuata sanduku lako, anzia kwa jirani kabla hujaingia kwetu. Muoneshe mama yake picha zote, na mtoto mwenyewe awepo. Sukari ya kumpelekea nimeiweka juu ya kabati, nitamtuma mdogo wako akupokee nayo njiani.

Mama yako